Betri ya Gari Nisilokuwa Nalo

Jumamosi, tarehe 17 Julai 1971, nilikuwa nyumbani kwangu Eldoret nikisahihisha insha za darasa la saba, niliposikia pikapu ya mdogo wangu ikipanda barabara. Niliutambua mlio wa dizeli kabla hajabisha hodi. Nilikuwa nimeujua mlio huo kwa miezi minane, na kwa miezi minane nilikuwa nimeuchukia.

Wazazi wetu walikuwa na karo ya mtoto mmoja. Mimi niliendelea mpaka chuo cha ualimu. Yeye aliachia darasa la nne akaenda kuchuma kahawa. Baadaye aliolewa, wakahamia upande wa Timboroa, na mumewe alipofariki nilidhani atarudi kwetu akilia. Hakurudi. Alilima viazi na pareto kwenye kipande cha kukodi, akanunua hisa katika kampuni ya kununua mashamba, kisha akanunua pikapu ya mzungu aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao. Akajifunza kuiendesha. Mimi, mwenye cheti kilichotiwa fremu ukutani, nilikwenda shuleni kwa miguu, na siku za mvua nilibeba viatu vyangu mkononi.

Ingekuwa rahisi kama angejivuna. Hakujivuna hata kidogo.

"Dada, vaa koti twende," aliniambia mlangoni, gambuti zake zikiwa na matope mpaka magotini. "Betri imekufa. Nimeendesha tangu asubuhi bila kuzima, naogopa hata kupiga chafya. Jumamosi ijayo tunagawiwa shamba, na asiyekuwepo saa mbili kamili anapewa kinachobaki."

Nililijua shamba hilo la kampuni. Lilikuwa na upande wa udongo mwekundu karibu na barabara, na upande wa mawe uliokwishia kwenye kinamasi. Wanachama wangechota namba kutoka kwenye kofia. Miaka sita ya pareto yake ilikuwa ndani ya kofia hiyo.

"Mimi nitakusaidia nini? Sijui magari."

"Unajua kusoma. Ile maandishi ya Kiingereza kwenye betri inanizungusha macho. Wewe ndiye msomi, utachagua."

Aliegesha kwenye mteremko unaoelekea mtoni, kama alivyozoea tangu betri ianze kuchoka, ili gari liweze kuserereka na kuwaka. Tukashuka kwa miguu hadi duka la betri la kona. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, aproni yake imetobolewa na asidi mpaka ikafanana na chekecheo. Mdogo wangu alinikabidhi pesa zikiwa zimefungwa kwenye leso, akasema anakwenda kutafuta chumvi ya ng'ombe kabla duka la mifugo halijafungwa, nikabaki peke yangu mbele ya kaunta.

Mzee aliutazama mkoba wangu, akavitazama viatu vyangu vya kisigino.

"Karibu, Mwalimu. Gari yako iko aina gani?"

*Gari yako.* Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Jibu lilikuwa fupi: si langu, ni la mdogo wangu, ni pikapu ya dizeli. Nililishika jibu hilo mdomoni na sikulitoa.

"Ni gari dogo," nilisema. "La milango minne."

"Petroli?"

"Petroli."

"Rangi gani?" aliuliza kwa kuchangamka tu, maana rangi haihusiani na betri.

"Rangi ya maziwa."

Nilikuwa na gari hilo kichwani tangu chuoni. Nilijua hata vitambaa vya viti vyake. Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika, akapita betri moja kubwa iliyokuwa sakafuni bila kuiangalia. "Hiyo ni ya lori na dizeli, Mwalimu, itakuvunja mgongo bure." Akatoa ndogo kutoka kwenye rafu. Akaitia asidi, akaichaji kwa muda, akaipima kwa mrija wa kioo, akanionyesha kielea kikipanda juu. Zote mbili ziliandikwa volti kumi na mbili. Nilijua, kwa sababu nilisoma. Nilisoma pia ile namba nyingine, ya nguvu, iliyokuwa chini yake, na kwenye betri kubwa ilikuwa karibu mara mbili. Nikalipa.

Mdogo wangu alifungua boneti mwenyewe, akalegeza vichwa vya nyaya kwa sipana, akaitoa ya zamani. Ile mpya ilicheza ndani ya nafasi yake kama mguu wa mtoto katika kiatu cha babake.

Alicheka. "Dada! Hii si imekonda? Ama siku hizi wanazifanya ndogo lakini kali?"

Hapo nilipewa nafasi ya pili. Mzee alikuwa hatua mia moja kutoka pale, na betri ingebadilishwa bila ugomvi.

"Siku hizi ndivyo zinavyotengenezwa," nilimjibu.

Aliniamini. Akakata kipande cha ubao, akaikaza kwa mpira wa baiskeli. Jua la saa nane lilikuwa limepasha injini. Ilikoroma kidogo, ikawaka. Alipiga makofi, akanikumbatia, nami nikanusa moshi na maziwa kwenye sweta yake, nikawaza: hata hii amepata, furaha ya mtu aliyesaidiwa na dada yake.

Aliyoniambia baadaye, alipokuja katikati ya Agosti na gunia la viazi, ni haya. Kwa kuwa sasa alikuwa na betri mpya, usiku wa Ijumaa, wa kuamkia siku ya mgawo, hakuegesha kwenye mteremko. Aliliweka gari uani, mbele ya mlango, alitazame akiwa kitandani. Alfajiri kulikuwa na barafu kwenye nyasi. Injini ilikoroma mara mbili, ikanyamaza. Majirani walijaribu kusukuma, magurudumu yakazama. Akatembea, akapanda lori la maziwa, akafika saa nne. Kofia ilikuwa tupu. Karani alimwonyesha kwenye ramani kilichobaki: mawe, na chini ya mawe, kinamasi.

"Nitapanda miti," alisema, akimenya viazi jikoni kwangu. "Lakini yule mzee wa duka, leo atanisikia. Kumdanganya Mwalimu mzima! Wewe ulijitahidi, Dada."

Nilimwambia duka limefungwa siku hiyo. Halikuwa limefungwa. Hata wakati huo, kisu kikiwa mkononi mwake na uso wake hauna kinyongo, kilichonichoma kwanza hakikuwa aibu. Nilimwonea wivu kwa kuwa hakuwa na la kuficha.

Mwezi wa Septemba nilimpelekea barua hii.

*Mdogo wangu mpendwa,*

*Yule mzee hakunidanganya. Aliniuliza gari ni la aina gani, nikamwambia ni dogo, la petroli, la rangi ya maziwa. Alinipa betri ya gari hilo. Mimi sina gari, unajua. Ulipouliza mbona ni ndogo, nilikuwa nimekwisha kusoma namba, nikakujibu uongo. Nilikuonea wivu, na si siku hiyo tu.*

*Jana nilikwenda dukani nikamweleza. Akanitolea ile kubwa. Iko chini ya meza yangu. Shamba siwezi kulirudisha.*

*Nimeandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ili uisome mwenyewe na usimpe mtu akusomee. Ukitaka kuja, njoo. Usipotaka, nitampa betri dereva wa lori la maziwa akuletee, ili usihitaji kuniona. Mpaka utakapoifunga, egesha kwenye mteremko.*

*Dada yako.*