Wacha Ndege Bakule

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, tulipokuwa wageni hapa Bulengera, nilimrushia mama yangu maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Sikupanga kukusimulia. Lakini jana ulinikasirikia kwa sababu ya mpunga wako, ukanong'ona kwamba nimezeeka vibaya. Masikio yangu bado mazima. Basi kaa, nikwambie.

Tulikuwa tumekimbia vita kutoka upande wa Mangina, mama na mimi, tukapita Beni kwa miguu mpaka hapa Butembo. Baba alikuwa amefariki zamani. Ndugu yangu mdogo, Kambale, tulimwacha ndani ya udongo, pembeni mwa shamba letu la mpunga. Watu wenye silaha walimkuta juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti ambacho watoto hukalia wakifukuza ndege. Alikuwa hajamaliza kubadili meno. Kwa nini walimuua, hakuna aliyetuambia mpaka leo.

Huku tulipata chumba kimoja chenye ua mdogo nyuma. Mama alibeba mizigo ya wafanyabiashara sokoni, jioni anarudi shingo imevimba na mchele kidogo kwenye kitambaa. Na kila asubuhi, kabla hatujaonja kitu, alichota konzi ya mchele ule, akaumwaga uani, akakaa juu ya jiwe kuwatazama ndege. Walikuja shomoro, wakaja na wale wadogo wa manjano tuliowajua kutoka shambani. Aliwatazama bila kutabasamu, kama mtu anayesimamia kazi.

Njaa ilinishinda. Asubuhi hiyo niliwarushia mawe, wakaruka wote, nikainama kuokota punje matopeni.

"Mama, sisi tunalala na njaa, na weye unapatia ndege chakula? Hawa njo balitumalizia mpunga. Kambale alikufa sababu yabo. Akili yako iko wapi?"

Hakunipiga. Heri angenipiga.

"Masika," aliniita, "siku ile batoto ba jirani balipita pa shamba banakimbia. Balimuita Kambale, bakamuambia ashuke. Alikatala. Alibaambia, mama alisema nisitoke mpaka ndege baende kulala."

Nilisimama, punje mkononi.

"Njo vile nilimuambia asubuhi, kwa ukali. Sababu jana yake alienda kucheza, ndege bakakula, nikamuchapa. Mutoto alinisikia, Masika. Sasa wacha bakule. Hapana mutoto atabafukuza tena sababu yangu."

Njia yote ile ya Beni alikuwa amelibeba neno hilo peke yake, na mimi nilidhani alikuwa kimya kwa uchovu. Nilizirudisha chini zile punje. Ndege walichelewa kurudi, tukakaa sote wawili tukiwangoja. Mama aliendelea hivyo mpaka alipokufa, na mchele ulipokosekana aliwapa makombo ya muhogo. Nisikudanganye kwamba ndege walimponya. Hakupona.

Sasa wewe umejenga, ashukuriwe Mungu. Una ua mpya, ukatandaza mpunga juu ya turubai, ukamkalisha binti yako na fimbo mkononi na kumwambia asitoke mpaka urudi. Niliposikia hivyo nilimwona Kambale juu ya dungu. Nilimtuma mtoto akacheze, nikakaa pale kuwatazama ndege wakila. Kama mpunga unakuuma, chukua kuku wangu mwekundu tuyamalize.

Ninachokuomba ni hiki. Mtume mtoto, mfundishe kazi, hata mgombeze akizembea. Lakini kila unapomwambia asitoke mahali, mwambie palepale kwamba akisikia bunduki, au akiona watu wanakimbia, aache kila kitu akimbie nao, na wewe hutamuuliza mpunga uko wapi. Mrudilie neno hilo mpaka alijue kama anavyolijua jina lake. Wazazi wa kwingine wanaweza kusahau kulisema. Sisi wa huku hapana.

Mungu ailinde nyumba hii na ua wake, awashibishe wote wanaotua humo. Na akujalie watoto wanaokutii siku zote za maisha yao, isipokuwa siku ile ya kukimbia.