Kompyuta yangu na redio ya mjomba

Leo nimeshinda ubishi, na sina hamu hata ya kujisifu.

Miaka miwili nabishana na binamu yangu Athumani. Yeye na konsoli yake ya gemu, mimi na kompyuta niliyoiunda mwenyewe. Ipi ina nguvu?

Leo nikaibeba yangu kutoka Malindi hadi kwao Sabaki. Nyumba yao yatumia sola.

Konsoli ilianza, picha zikawa zakwamakwama. Nikachomeka yangu. Picha laini, hata Athumani akasogea karibu kutazama.

Dakika moja hivi.

Kisha sola ikazidiwa, nyumba nzima ikazima. Na redio ya mjomba, babake Athumani, pia. Alikuwa akingoja matangazo ya vifo, asikie rafikiye azikwa saa ngapi.

Stima iliporudi, matangazo yalikuwa yamepita.

“Nisamehe, mjomba.”

Hakunifokea. Alivaa kofia atoke akaulize majirani, na magoti yake yale mabovu. Mlangoni akageuka.

“Nguvu ya kuzima nyumba nimeiona, mwanangu. Ya kuiwasha je?”

Wenye kompyuta kama yangu, hebu niambieni. Ningemjibu nini?