Pete Nyeusi Niliyoiita Yangu

Nimekosa. Sianzi kwa kujitetea, maana kujitetea nimejitetea sana, jikoni, njiani kwenda kazini, mbele ya kioo, na kosa bado liko palepale. Niliiba. Sikuiba kuku wala mahindi ya mtu. Niliiba wazo la mama muuza maziwa, nikalisema redioni kama langu.

Ukisikia wazo lenyewe lilihusu nini, utacheka. Lilihusu tamthilia. Cheka tu, nimeshazoea.

Mimi ni mwanamke, mwalimu wa kemia katika sekondari moja wilayani Nachingwea. Naishi Lionja, peke yangu, kwenye nyumba aliyoniachia marehemu baba pamoja na mikorosho yake. Mwaka jana nilinaswa na tamthilia ya mambo ya anga za juu, imetiwa sauti za Kiswahili, inaonyeshwa Jumamosi jioni na kurudiwa Jumapili asubuhi. Kuna walinzi saba wa chombo kinachosafiri kati ya nyota, na kila mlinzi amebeba elementi moja. Chuma ana nguvu lakini akilowa anadhoofika. Zebaki hashikiki. Dhahabu hadhuriki na kitu, basi anaringa. Fedha ni dada mpole, ndiye anayewatibu wenzake. Shaba na Risasi ni ndugu wasiopatana.

Wa saba anavaa joho la kijivu. Uso hauonekani na jina halitajwi. Huyo ndiye aliyetutoa akili.

Tulikuwa na kundi letu la simu, watu wa Nachingwea, Ruangwa, Mtwara mpaka Dar, kazi yetu kubishana huyo wa saba ni elementi gani. Humo kuna mafundi, wauza duka, walimu, hata bwana shamba mmoja wa Mtua. Mimi na kemia yangu nilijifanya mkubwa wao. Nilisema ni Fosforasi, ile inayojiwakia yenyewe ikiguswa na hewa. Niliandika hoja ndefu kama barua ya posa, na kila kipindi kipya kilipotoka, hoja moja ilidondoka. Wakaanza kunitania. "Mwalimu, huyo Fosforasi wako mbona kutwa yuko hewani na hawaki?"

Nilicheka nao, ila iliniuma. Niseme ukweli, iliniuma kuliko ilivyostahili.

Sasa, Mama Kulwa. Yeye na mumewe ni Wasukuma, walikuja huku na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa. Kila asubuhi alikuwa ananiletea maziwa kwenye dumu la bluu. Ananisalimu kikwao, "Mwangaluka, Mwalimu," nami namjibu "Mwangaluka" kwa lafudhi mbovu, anacheka. Jumapili alikuwa haondoki haraka. Anakaa mkekani, tunaangalia marudio pamoja, ananiuliza maswali. Kwa nini Chuma analiogopa ziwa? Kwa nini Dhahabu hachakai? Nikampa daftari, nikamwandikia elementi ishirini za mwanzo, na nyingine za kwenye tamthilia. Baada ya wiki mbili alizisema zote kwa kichwa huku anapima maziwa. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili hawafanyi hivyo.

Aliishia darasa la saba. Alifaulu, akaozwa. Alitaka kusomea mtihani wa maarifa, ule wa watu walioacha shule, kwenye kituo cha elimu ya watu wazima pale Nachingwea mjini. Baba Kulwa hakumkatalia moja kwa moja. Alimwambia, "Akili ya shule ikikaa muda mrefu inachacha. Nionyeshe kama yako haijachacha, nami nitakupeleka."

Nilimwahidi nitamsaidia kumwonyesha. Hayo ni maneno yangu mwenyewe.

Ulikuwa msimu wa kupulizia salfa. Anayelima korosho anajua, unga unapulizwa alfajiri umande ukiwepo, ushike kwenye majani na maua kabla jua halijawaka. Mama Kulwa alikuwa anapita kwenye mashamba hayo na dumu lake saa ileile mashine zinanguruma. Akifika kwangu ana manjano mpaka kwenye kope.

Jumapili moja tuliangalia kipindi ambacho Fedha anaamka na doa jeusi kiganjani. Kundi zima lilikwisha kusema ni sumu ya adui. Mama Kulwa akanyoosha mkono wake mbele yangu. Alikuwa na pete ya fedha, urithi wa mama yake. Ilikuwa nyeusi ti.

"Mwalimu, hii pete naisugua na majivu inakuwa nyeupe. Nikipita mikoroshoni siku tatu, inarudi hivi. Kule kwetu haikuwahi."

"Ni salfa," nikamwambia. "Salfa inaigeuza fedha."

"Najua. Sasa huyu dada, kipindi kilichopita si alimshika mkono yule wa joho akamtoa shimoni? Mkono umekuwa kama pete yangu. Yule si salfa?"

Nilicheka kwanza. Kisha nikarudisha nyuma kichwani vipindi vyote, na kila nilipogusa paliitika. Ndiyo maana moto anaourusha una mwali wa bluu, kama salfa ikiungua. Ndiyo maana wenzake wanaziba pua akivua glovu. Mimi na digrii yangu sikuona. Bwana shamba anayegawa salfa kila mwaka hakuona. Ameona mtu aliyekuja kuniuzia maziwa.

Siku ileile nikatuma sauti kwenye kundi. "Jamani, nimegundua." Nilisema nimegundua, sikusema tumegundua. Nikajiambia nitarekebisha baadaye, na tena yale ya mwali na glovu si ni ya kwangu? Mwizi hakosi sababu.

Kundi lilipagawa. Kesho yake mtangazaji wa redio moja ya huku kwetu, naye mwanakundi, akanipigia. Ana kipindi cha tamthilia Jumamosi saa tisa alasiri, alitaka niende Ruangwa nikaeleze mwenyewe.

Nikamweleza Mama Kulwa, na nikamwambia nitamtaja. Akaweka dumu chini.

"Mwalimu, usiseme Mama Kulwa. Wamama Kulwa tuko wengi. Sema Kabula. Ndilo jina langu la shule, tangu darasa la saba hakuna aliyeniita. Nitamkalisha Baba Kulwa na mama mkwe wasikie."

Nikasema sawa. Njia nzima kwenda Ruangwa nilikuwa nalo mdomoni, Kabula, Kabula.

Studio ni chumba kidogo chenye mazulia ukutani. Mtangazaji akanivika kilemba cha ukoka tangu salamu, profesa wetu, bingwa wa kemia wa kusini. Halafu akauliza, "Mwalimu, mpaka ukajua ni Salfa, ilikuwaje?"

Nilifungua mdomo niseme. Nikawaza wale wa kundi watakavyosema, kumbe mwalimu alifundishwa na muuza maziwa. Nikawaza wanafunzi. Haikuwa hata nusu dakika.

Nikasema, "Nilikuwa napita mikoroshoni alfajiri, nikaona pete yangu ya fedha imekuwa nyeusi."

Pete yangu. Sina pete ya fedha, sijawahi kuwa nayo.

Jumapili maziwa hayakuja. Jumatatu hayakuja. Alhamisi asubuhi akaja, bila dumu. Hakusema Mwangaluka. Alisema, "Habari za asubuhi, Mwalimu," kama mtu aliyeingia ofisini.

Nikaanza kubabaika, muda wa redio ulikuwa mfupi, mtangazaji alinikatiza. Aliniacha nimalize. Kisha akasema bila hasira, na heri angekuwa na hasira.

"Nilikaa nao, nikawaambia utanitaja. Nilipika, nikaita na majirani. Uliposema 'pete yangu', mama mkwe aliniangalia kidole. Baba Kulwa akazima redio. Ameniambia mtu anayedanganya ili apate shule, akiipata shule atadanganya apate na mengine."

Akavua pete. Ilikuwa ngumu kutoka, akailowesha mate. Akaiweka mezani.

"Nimekuletea pete yako."

"Mama Kulwa, hii ni yako."

"Redioni ilikuwa yako."

Akaondoka. Nilibaki nimeshika kikombe changu cha kupimia maziwa, na nimekuwa nikinywa chai ya rangi tangu siku hiyo.

Wiki tatu baadaye wa saba alivua joho. Alikuwa Salfa. Simu yangu ilijaa pongezi mpaka ikaganda. Mkuu wa shule alinisimamisha mstarini, wanafunzi wakapiga makofi, na mpaka leo wananiita Madamu Salfa. Mimi, mwalimu ninayechana karatasi ya mtoto aliyeigilizia kwa mwenzake. Kila wakiniita hivyo nachoka upya. Hakuna adhabu inayochosha kama sifa ambayo mwenyewe unajua ni ya nani.

Muda wa kujiandikisha pale kituoni ukafika, ukapita. Nilikuwa najua tarehe, na sikwenda. Nilikuwa naona aibu, na aibu ni uvivu uliovaa nguo nzuri.

Nilipopata ujasiri walikuwa wamehama, wamefuata malisho upande wa Ruangwa, kata ya Chunyu. Nikachukua bodaboda. Baba Kulwa alinipa kigoda, akaniita mwalimu kwa heshima zote. Mama Kulwa alikuwa pembeni anachuja maziwa. Nikasema yote, sikubakiza. Nikasema mkeo hakudanganya, mwongo ni mimi.

Baba Kulwa akasema, "Mwalimu, nashukuru umekuja. Lakini uongo uliusema kwa watu wote, majirani zangu walikuwepo, mama yangu alikuwepo. Ukweli umeniletea mimi peke yangu, huku porini. Siku watu wakisikia kama walivyosikia mwanzo, mimi na mke wangu tutaongea habari ya shule."

Nikatoa pete nimrudishie Mama Kulwa. Hakuipokea.

"Kwa watu bado ni yako," alisema. Akanimiminia maziwa kikombe kimoja, kwa sababu mgeni hanyimwi.

Nilirudi kwa yule mtangazaji. Akaniambia, "Madamu, tamthilia imekwisha, watu wamehamia nyingine. Usijitie aibu ya bure." Kwenye kundi niliandika, wakadhani najinyenyekeza, wakanitumia picha za makofi. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini mimi hata kuamini kwamba nimejidunga hawataki.

Ndiyo maana nimeandika hapa. Jina langu nimelificha, bado ni mwoga kiasi hicho, nisikudanganye tena. Ila kila aliyesikia kipindi kile ameshanijua, na kesho mstarini watanitazama. Wacha wanitazame.

Wewe unayesoma, kama kuna siku ulisema "nimeona" na aliyeona ni mwingine, kaseme leo, mbele ya walewale uliowaambia. Usisubiri upate maneno mazuri. Mimi nilisubiri, na mtu amepoteza mwaka wa shule huku mimi napanga sentensi. Na usijifariji kwamba ni jambo dogo, ni tamthilia tu. Mwenzio huenda alikuwa na hilo dogo tu la kuwaonyesha watu wake.

Pete iko mezani hapa ninapoandika. Sijaisugua, maana kuisugua ni kazi ya mwenyewe.

Nina ombi moja. Kama uko Chunyu, au una ndugu Chunyu, chukua ungamo hili umpelekee Baba Kulwa, mfugaji aliyetokea Lionja. Usimsomee peke yake. Waite majirani, na mama yake awepo, usome kwa sauti. Aliyemjua wa saba hakuwa mimi, na pete haikuwa yangu. Alikuwa Kabula. Hapo kwenye jina, soma mara mbili. Kabula.