Mlima Nyuma ya Dirisha

Mwiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na ugonjwa wa mafundi: hawezi kuona kitu kinachofanya kazi vizuri asikiguse.

Alitoka Meru mwaka 1996 kuja Garissa kutunza kompyuta ya shirika dogo la misaada. Ilikuwa mashine ya mfumo wa Unix, nzee na vumilivu, na aliyekaa mbele yake kutwa ni Ramlo, mama wa makamo aliyepokea ujumbe ulioingia kwa redio kutoka vituo vya mkoa. Kila kituo kilikuwa na dirisha lake kwenye skrini, na Ramlo aliyapanga kama nchi ilivyokaa: Rhamu juu kabisa, Habaswein katikati, Kotile chini. Hakuna lililomlalia mwenzake. Mfugaji akija kuuliza habari za kwao, Ramlo alinyoosha kidole tu.

Mwiti aliona ni ushamba. Mapema 1998, mvua bado zikinyesha, alirudi kutoka Nairobi na sidii yenye programu mpya ya kupanga madirisha. Akafuta mpango wa Ramlo bila hata kuweka nakala. Madirisha mapya yalikuwa na mapambo, yalipandana, na zaidi ya yote, ungedhani ni ya kioo: uliona ndani yake picha ya Mlima Kenya aliyoitandaza nyuma.

Ramlo alitazama sana. "Walaal," akasema, kwani alimwita ndugu tangu siku ya kwanza, "nikiona mlima, basi nyuma hakuna kitu ingine?"

"Hakuna, Mama Ramlo. Si unaona mwenyewe?"

Alijua anadanganya. Mashine ile haikuwa na nguvu ya kuonyesha dirisha moja kupitia jingine. Programu ilichukua kipande cha picha ya mlima ikakibandika ndani ya dirisha la juu, basi. Dirisha lililolala chini yake lilifichika kabisa. Alinuia kumweleza siku nyingine, na siku hiyo hakuitafuta.

Mto Tana ulipofurika, Hirsi, mtu wa redio wa Kotile, alituma ujumbe asubuhi: maji yametuzunguka, leteni helikopta. Ujumbe uliingia kwenye dirisha la Kotile, na dirisha la Rhamu lilikuwa limelifunika. Ramlo alitazama, akaona mlima. Helikopta ya wiki hiyo ikaenda kwingine. Watu wa Kotile walikaa siku nne kwenye kipande cha ardhi kavu hadi mitumbwi ikawafikia. Walipona wote, lakini mbuzi na ng'ombe walikwisha, na mfugaji asiye na mfugo amebaki na nini?

Meneja, Keinan, aliita mkutano. "Ujumbe ulikuwa kwa mashine tangu asubuhi. Ramlo, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo. Niliangalia. Iko mlima tu."

Mtu mmoja alicheka. Keinan akamgeukia Mwiti. "Fundi, mashine iko na shida?"

Hapo ndipo angesema. Mkataba wake ulikuwa mezani kwa Keinan ukisubiri sahihi. "Mashine ni nzima," akajibu. Kweli, ilikuwa nzima. Ramlo aliachishwa kazi siku hiyohiyo, naye alikusanya mtandio na birika lake bila kumlaumu mtu.

Majuto ni mjukuu, na huyu alimjia Mwiti kila alipowasha ile skrini. Baada ya mwezi akashindwa kuvumilia. Alikwenda kwa Ramlo, akakaribishwa kwenye mkeka, akapewa chai ya maziwa ya ngamia, akasema yote: mlima wa kubandika, swali la Ramlo, na jibu lake la uongo.

Ramlo akauliza: "Siku ya mkutano, ulijua?"

"Nilijua."

"Mimi nilifikiri macho yangu imekufa. Niliambia watu ya Kotile hivyo, nikaomba msamaha. Wakanihurumia. Walikuja na miguu, wakaniletea dawa." Alionyesha kichupa dirishani. "Naweka kila asubuhi. Inachoma sana, walaal."

Mwiti alimtazama usoni. Macho yalikuwa mekundu kwa ile dawa, na hayakuwahi kuwa na ugonjwa wowote.