Sauti Isiyokuwemo Mchezoni

Mdogo wangu analia vizuri sana, nasema hivyo bila kijicho. Anavaa hedifoni zake, anajisogeza karibu na kipaza sauti, na hadithi ikifika pa huzuni sauti inamkwama, kamasi zinavutwa, na huko mtandaoni watu wanamwandikia, "Pole Kamanda, jikaze Kamanda." Kamanda ndilo jina lake la huko. Hapa nyumbani hajawahi kuamrisha hata birika likachemka.

Kazi yake ni kucheza michezo ya kompyuta laivu huku watu wanamtazama na kutoa maoni. Msicheke, ni kazi. Umeme wa nyumba hii unalipwa na kazi hiyo, na mimi sijawahi kuibeza. Yangu ilikuwa ya miwani. Nilikuwa nakata lenzi katika duka la mama mmoja tunayemwita Mama Miwani. Kioo kinakuja duara, unakisaga ukingo taratibu kwenye mashine mpaka kikae kwenye fremu bila kulazimishwa. Ukisaga kupita kiasi kinalegea, ukisaga pungufu kinapasuka ukikisukuma. Niliipenda kazi ile jamani. Unainama pale, mashine inanguruma, na hakuna anayekuita mpaka umalize.

Kisha baba akaanguka bafuni. Kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vikalala, akili ikabaki, na sauti ikabaki. Sauti hasa! Baba aliendesha malori maisha yake yote, amezoea kuzungumza juu ya injini, na hata leo akiomba maji utadhani anamzuia mtu asirudi nyuma akaingia shimoni. Kitanda chake tulikiweka sebuleni kwa sababu hakikupita kwenye mlango wa chumba. Mimi nikaomba ruhusa ya siku chache kazini. Siku chache hizo zimezaa miezi, na mimi nimo humu humu na kandambili zangu, sebuleni hadi jikoni, jikoni hadi bafuni, bafuni hadi sebuleni.

"Mama!" baba anaita. Ananiita mama tangu nikiwa mdogo kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Abee, baba. Nakuja."

Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya kutwa. Maji, abee. Mto umeteleza, abee. Nzi, abee. Siku moja nilikwenda dukani kununua sabuni, mteja mmoja akamwita mama yake, mimi nikaitika. Muuza duka alicheka mpaka akashika meza, nami nikacheka naye, kisha nikarudi nyumbani nikalia nikiwa nafua.

Wiki iliyopita Mama Miwani akanipigia simu. "Mwanangu," akasema, "kiti chako nimekiwekea koti langu juu, mtu asikikalie. Lakini kazi zimenilemea, na macho yangu mwenyewe sasa yanataka miwani. Njoo Jumatatu. Usipokuja Jumatatu, nalitoa koti." Hakusema kwa ubaya, wala sikuweza kumlaumu. Nilibaki nimeshika simu huku jikoni panaungua.

Nilichohitaji ni kitu kimoja tu: Kamanda akae na baba kuanzia asubuhi hadi alasiri. Asubuhi hatangazi chochote, asubuhi analala. Nikamfuata chumbani kwake nikamweleza, koti, kiti, Jumatatu, vyote.

"Dada yangu mpenzi," akaniambia, macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta, "ngoja kwanza nimalize sehemu ya pili. Watu wote wananisubiri mimi."

Akisema dada yangu mpenzi ujue ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Hiyo sehemu ya pili niieleze, maana ndiyo iliyonitia wazimu. Kuna mchezo umetengenezwa chumbani na vijana watatu tu wanaozungumza lugha yetu. Si wa bunduki wala mpira. Katika sehemu ya kwanza binti mmoja anatembea na taa katika mji uliojaa maji, anamtafuta baba yake. Anapita juu ya mapaa, anavuka masoko yaliyozama, na mwisho kabisa anafika mlangoni kwa baba, mlango unafunguka, basi. Watu walilia nchi nzima. Sehemu ya pili inaanzia ndani ya mlango ule. Baba ni mgonjwa. Binti anachemsha maji, anabadilisha shuka, anatia mafuta kwenye taa isizimike. Kila akishika kitasa cha mlango wa nje, baba anaita, anarudi. Ndiyo mchezo wenyewe huo!

Wachezaji waligawanyika pande mbili, wakawa wanarushiana maneno kama majirani waliogombania kamba ya nguo. Kamanda alizoea kuyasoma maoni kwa sauti, kwa ile sauti yake ya mtangazaji, nami nikayasikia yote huku namgeuza baba ubavu. "Sehemu ya kwanza tulitembea mji mzima, hii ya pili tumefungiwa ndani, tumepunjwa." "Mchezo gani huu wa kuchemsha maji?" Mwingine, "Nyamazeni nyie, mimi nimelia tangu nilipoanza." Mwingine, "Huyu binti ana moyo wa ajabu, ningekuwa na dada kama huyu ningembeba mgongoni." Na Kamanda akajibu, sauti imemkwama, "Kweli kabisa ndugu yangu. Yaani unamwona pale yuko peke yake, hakuna hata mtu mmoja wa kumshika mkono. Inauma sana."

Hakuna hata mtu mmoja wa kumshika mkono! Nilisimama pale sebuleni na shuka lenye mkojo mkononi, nikatazama ule mlango wa chumba chake ulioachwa wazi kidogo kwa ajili ya joto.

"Huyo mdogo wako analilia nini?" baba akauliza. "Amefiwa?"

"Hapana baba. Mchezo."

"Timu gani imefungwa?"

Sasa sikilizeni kilichotokea. Sehemu ya kwanza haikuwa na sauti za watu, ilikuwa maandishi tu. Hii ya pili wametia sauti mahali mahali. Basi siku moja Kamanda yuko laivu, binti wa mchezoni ameshika kitasa, na baba yangu, huku sebuleni, akanguruma, "Mama!" Nami nikaitika kama kawaida, "Abee, baba. Nakuja." Kipaza sauti kikatudaka wote wawili.

Maoni yakamwagika. "Mmesikia hiyo sauti?" "Mzee ameigiza huyo, mpaka nywele zimenisimama." "Na binti alivyoitika! Amechoka lakini ana adabu. Huyu mwigizaji apewe tuzo." Wengine wakabisha: "Mimi nimeucheza wote na sauti hiyo kwangu haipo." Wakajibiwa hapo hapo: "Haipo kwako kwa sababu ulichagua vibaya katika sehemu ya kwanza." Unajua wachezaji tena. Wanaamini kila mchezo una njia za siri, na anayezipata ni yule aliyecheza kwa moyo. Wakaanza kurudia sehemu ya kwanza mwanzo mwisho ili nao wafike kwenye abee yangu.

Nilidhani Kamanda atawaambia ukweli. Hakuwaambia. Akacheka kidogo akasema, "Siri ya Kamanda hiyo." Kuanzia hapo mlango wake haukufungwa tena. Watazamaji wakaongezeka, na kila jioni wakawa wanauliza kama dada ataitika leo. Fikiria watu wote hao wananihurumia na hakuna hata mmoja anayejua nipo. Nilikuwa na hasira nikakosa pa kuiweka. Nikiwa naosha vyombo nilimsikia Kamanda akisoma maoni ya mtu mmoja: "Mwambieni dada atoke. Ameshafanya vya kutosha." Moyo ulinipasuka. Nilitamani kumjibu yule mtu, hata sijui ni nani, nikamwambia ahsante.

Ijumaa nikamkumbusha Kamanda habari ya Jumatatu. "Nakumbuka, dada, nakumbuka." Jumamosi nikamkumbusha. "Baba mwenyewe hanitaki mimi, amekuzoea wewe." Hilo ndilo lililonikata maini, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Baba hamwiti Kamanda. Hajui hata kama yupo mchana. Na atamzoeaje mtu anayemwona akipita tu kwenda chooni?

Jumapili alasiri ndiyo ilikuwa siku ya kumaliza mchezo. Kabla hajaingia laivu alinifuata jikoni, ameoga, amejipaka mafuta.

"Dada, nina ombi dogo. Leo baba akiita usikimbie. Mwache aite mara tatu, nne hivi, ndipo uitike. Ukiitika mapema unaharibu."

"Naharibu nini?"

"Hisia," akasema.

Nilimtazama nikaona hana hata chembe ya utani. Nikaendelea kukamua kitambaa cha kumfutia baba, nikakikamua mpaka hakikuwa na tone.

Alasiri ikaenda. Kwenye kioo binti amesimama mlangoni na taa yake, mchezo unamuuliza mchezaji: afungue mlango au arudi? Kamanda akasimamisha kila kitu ili apate maoni ya watu. "Ndugu zangu, huu ndio mwisho. Nifungue au nirudi? Semeni."

"Mama!" baba akaita.

Nilikuwa kizingitini mwa chumba cha Kamanda na beseni mkononi. Sikuenda. Kamanda akanigeukia akaninyooshea dole gumba, vizuri, hivyo hivyo. Dole gumba! Damu ikanipanda mpaka masikioni.

"Kesho ni Jumatatu," nikasema. Sikupiga kelele, ila nilisema kwa sauti ya mtoto wa dereva wa lori. "Kesho kuna kiti kimefunikwa koti kinanisubiri, na nisipokwenda kinapewa mwingine. Nimechoka. Nampenda baba, na nimechoka. Nimeomba kushikwa mkono na mtu niliyelala naye kitanda kimoja tukiwa wadogo, na kila siku ananiambia ngoja. Nangoja nini? Mimi siwezi tena kungoja."

Maoni yalikuwa yanapanda kama maziwa yanayochemka, na kwa kuwa mazoea yana nguvu, macho ya Kamanda yakaenda huko na mdomo ukaanza kusoma wenyewe, kwa ile sauti yake ya utangazaji:

"'Jamani, hii sehemu sijawahi kuisikia.' 'Mwisho wa siri huo, nimekwisha.' 'Fungua mlango Kamanda, mwache dada aende.' 'Kumbe huyu dada ana ndugu? Yuko wapi muda wote huu? Ndugu gani...'"

Hapo akanyamaza. Masikio yalimbadilika rangi. Mkono wake ukaenda kwenye kitufe cha kuzima kipaza sauti, nami nikauwahi nikaufunika na wangu, ulikuwa bado umelowa.

"Mama!" baba akaita tena.

"Dada, anakuita," akaninong'oneza.

"Anaita mtu. Kaitike."

"Nitamwambia nini?"

Nikampa beseni. Alilipokea kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe, akavua hedifoni, akatoka taratibu, maji yakimwagika miguuni. Mimi nikakaa kwenye kiti chake. Miezi yote hiyo sikujua kama kina mito namna ile. Nikavaa hedifoni, zilikuwa za moto, na mlango ukiwa wazi nikasikia kama walivyokuwa wakisikia wao.

"Mama!"

Kisha sauti ndogo ikajibu. "Naam, baba."

"Nani huyo?"

"Mimi, baba."

"Wewe nani? Mama yuko wapi?"

Niliuma mdomo. Nilijua akisema tu yupo chumbani, nitanyanyuka. Ningenyanyuka, najijua. Miguu ilikuwa imeshaanza.

"Yuko kazini, baba," mdogo wangu akasema.

Beseni likagonga sakafu. "Si huo!" baba akanguruma. "Huo ni mguu mbovu! Shika huku! Hivi wewe hujawahi kumgeuza mtu?"

Nilicheka na machozi yakanitoka, vyote kwa pamoja. Mbele yangu binti wa mchezoni alikuwa bado amesimama na taa, anasubiri kuambiwa. Na pembeni maoni hayakuwa yamekoma. Nikayasoma kwa macho yangu kwa mara ya kwanza.

"Huyu mpya ni nani? Hajui kuigiza."

"Sauti yake haina hisia kabisa."

"Mrudisheni dada! Tunamtaka dada!"

Nikavuta kipaza sauti karibu.

"Dada ana kazi kesho asubuhi," nikawaambia. "Huyo mvumilieni. Ndiyo kwanza anaanza."