Majaribio ya Saa Mbili na Saladi za Shangazi

Mwanangu, katika kazi hii yetu ya kuandika programu ipo siku moja ambayo haijanitoka akilini. Nilirudi nyumbani hapa Lushoto mchana, nikamkuta shangazi yangu amekaa barazani, miguu imejaa vumbi, na mbele yake tenga la saladi iliyonyauka.

Nilikuwa kijana, tena mjuaji kupindukia. Programu yangu iliwaarifu wakulima wa kijiji cha Malindi, huku huku Lushoto, kwa simu ni siku gani gari la mboga litapita kuelekea Mombo. Jana yake nilikuwa nimebadilisha kidogo sehemu ya ratiba. Nilipaswa kuendesha majaribio ili nione kama ratiba, orodha ya wakulima na ujumbe wa simu bado vinaelewana. Majaribio hayo yalichukua saa mbili nzima, nami nilikuwa na haraka zangu, nikayaruka. Ujumbe ukaenda na siku isiyo yake. Shangazi akavuna shamba zima, akasimama barabarani tangu alfajiri, gari lisije.

"Shikamoo, shangazi," nikasema, nikamkiri kwamba kosa ni la programu yangu niliyoibadilisha bila kuijaribu.

"Marahaba. Kwa nini hukujaribu kwanza?"

Nikamweleza kwamba majaribio ni mengi, na kila moja linawasha seva upya, linajenga kanzidata, yaani ghala la data, upya, linaandikisha upya wakulima wa kubuni, kisha linabomoa vyote. Nilitumaini atachoka kunisikiliza. Hakuchoka.

"Sisi tukipika harusini, na kuni zetu hizi mbichi, tunazima moto kila sufuria ikiiva? Moto tunawasha mara moja. Kila mpishi ana sufuria yake, akimaliza anaiosha. Wewe umesoma mpaka wapi?"

Aibu niliyoiona siku ile! Lakini namshukuru hadi leo. Wiki ile ile niliipanga kazi upya: seva ikawa inawashwa mara moja tu, kila jaribio likapewa wakulima wake, nalo likimaliza linafuta lilichoandika. Yaliyokuwa yakipima kitu kimoja mara tatu nikayapunguza. Yote yakawa yanaisha kabla chai yangu haijapoa.

Mavuno yaliyofuata shangazi akanipigia simu. "Mmejaribu?"

"Tumejaribu, shangazi."

"Haya, nakata saladi." Nilifuta machozi, sikufichi.

Basi, mwanangu, majaribio yakikuchosha usiyaruke. Tafuta yanapotezea wapi muda. Kinachochelewa kuandaliwa, kiandae mara moja, majaribio yote yakitumie. Lakini data za jaribio moja zisichanganyike na za jingine, la sivyo utaona makosa yasiyokuwepo, mwishowe uzoee kuyapuuza. Yakiwa mepesi utayaendesha kila ukigusa mstari mmoja, na hutakuwa na kisingizio kama changu.

Mungu akujalie mtu wa kukukaripia huku anakupenda. Na wale watakaoingia shambani kwa neno lako, wasirudi nyumbani wakijuta.