Kipande Changu Shingoni Mwake

Wajukuu wangu wakibishana kuhusu ligi, mimi huendelea na chai yangu. Wanadhani mzee hajui mpira. Nilicheza ligi ya mashamba ya chai hapa Kericho, miguu mitupu, na wenye mashamba waliililia ile ligi kuliko sisi. Mchezaji hodari alipewa kazi kiwandani, chini ya paa, wenzake wakichuma majani kwenye mvua.

Siku hizo za ukoloni kila mfanyakazi alivaa kipande shingoni, karatasi ya serikali yenye jina na alama za vidole vyake, ndani ya kikebe cha bati. Uwanjani kikebe kingekupasua mdomo, kwa hiyo tulivivua vyote na kuvitundika kwenye tawi moja.

Jumamosi moja, mechi ilipokwisha tu, mlinda lango wetu aliletewa habari kwamba mama yake amefariki. Kwetu sote wawili kulikuwa kule ziwani, na chumba chetu kilikuwa kimoja. Bwana wa shamba akampa ruhusa. Alinyakua kikebe, akashika mbio njia ya Soin, ile iteremkayo ziwani, analia.

Nilipofungua kikebe kilichobaki kwenye tawi, nikakuta jina lake; alikuwa ameondoka na changu. Jua lilikuwa bado juu, ningekimbia, ningemfikia. Lakini kesho yake ilikuwa mechi ya ubingwa, na aliyetoka bila ruhusa aliondolewa kiwandani, akarudishwa kuchuma. Nikajiambia atagundua mwenyewe, atarudi. Uongo mtupu. Hakujua kusoma. Hata barua za kwao nilimsomea mimi.

Askari walimkamata alipofika Soin. Karatasi ilinitaja mimi, na alama zilizomo hazikulingana na vidole vyake, basi wakamtupa ndani kama mtoro aliyeiba kipande. Jumatatu nilipeleka kikebe chake kwa karani, nikasema nimekiona asubuhi hiyo. Mama yake alikuwa amekwisha kuzikwa, na hakuwa na mtoto mwingine. Jumapili ile, yeye akiwa ndani, tulishinda, nikabebwa mabegani, nikaimba mpaka sauti ikakauka. Kuimba huko kunanichoma hadi leo.

Wiki kadhaa zilipita ndipo wakamwachia. Alikuja amekonda, meno mawili ya mbele hayapo. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba msamaha, lakini alinitangulia. Alivua shingoni kikebe changu, alichorudishiwa siku ya kuachiwa, akakipangusa kwa shati, akaninyooshea.

"Omera, ndugu yangu, kipande yako hii. Hata mimi sikuangalia."

Kisha akaketi kitandani kwake, akaniuliza, "Tulishinda?"